Mwanangu, anza na Mafate

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia kwamba Agosti unakwenda kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, kutembea milimani. Umeniuliza uanze na njia ipi. Wengi watakutuma Piton des Neiges, kwa kuwa ndicho kilele kirefu kuliko vyote kisiwani, takriban mita 3,070. Mimi nakwambia anza na Mafate.

Mafate ni bonde lililozingirwa na kuta za miamba, na hakuna barabara ya gari inayoingia humo. Watu huenda kwa miguu, mizigo mingi huletwa kwa helikopta. Ingia kupitia pengo la mlimani liitwalo Col des Bœufs, ushuke hadi Plaine des Tamarins, kisha kijiji cha La Nouvelle. Ni mwendo wa saa mbili hivi, lakini usirudi siku hiyohiyo, lala huko. Waliozikimbilia kuta zile zamani walikuwa watumwa waliotoroka mashambani, wengi wao wametekwa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Ni ndugu zetu wale. Bonde lina jina la mmoja wa viongozi wao. Waliwindwa kwa bunduki, na bado wakapanda mazao huko juu, wakaishi. Utumwa haukukomeshwa kisiwani hadi tarehe 20 Desemba 1848. Siwezi kuipita njia ile nikitazama mandhari peke yake, na ningependa nawe uipite ukiyajua hayo.

Piton des Neiges kiendee baadaye, miguu ikishazoea. Panda kutoka mji wa Cilaos, ulale kwenye nyumba ya wapandaji ya Caverne Dufour (kitanda ukiagize mapema sana, hujaa), uamke usiku wa manane na tochi ya kichwani ili jua likukute kileleni. Beba sweta nzito na glavu. Usidanganywe na joto la ufukweni, Agosti baridi ya kule juu inauma.

Kwenye volkano ya Piton de la Fournaise njia imewekwa alama za rangi nyeupe juu ya lava. Ukungu ukishuka, alama hizo ndizo pekee za kukuongoza, kwa hiyo usiziache hata kwa picha moja. Ukikuta lango la Pas de Bellecombe, njia inapoanzia, limefungwa, geuka. Aprili 2007 sakafu ya Dolomieu, kasoko ya kileleni mwake, ilididimia zaidi ya mita 300. Mlima ule hauna subira na mtu.

Wakati wa vimbunga nisingekuruhusu kabisa. Januari 1966, huko Foc-Foc, kwenye miinuko ya kisiwa hicho, ilinyesha milimita 1,825 ndani ya saa 24. Agosti ni kukavu zaidi, ila mawingu hufunika milima kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kila siku ondoka alfajiri.

Kabla hujasafiri nitumie ratiba na majina ya nyumba utakazolala, nijue kila usiku uko bonde gani.

Mama yako