Novemba 24 si tanzia peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo kuhusu tarehe moja, Novemba 24, ambayo magazeti yetu huikumbuka kwa aya mbili tatu zinazofanana kila mwaka: kwamba siku kama hiyo, mwaka 1991, alifariki dunia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza na mzaliwa wa Zanzibar. Aya hizo si za uongo. Ninacholalamikia ni kwamba zimeifanya tarehe hiyo kuwa tanzia tupu, ilhali katika historia ya bendi hiyo kongwe imebeba mambo matatu, na kifo ni la pili kwa mpangilio wa miaka.

La kwanza lilitokea miaka kumi kamili kabla ya msiba. Jumanne ya Novemba 24, 1981, Queen walipanda jukwaani katika ukumbi wa Forum mjini Montreal, Kanada, ambao siku nyingine ulikuwa makao ya Canadiens, timu mashuhuri ya mpira wa magongo wa barafuni. Walipiga usiku huo na usiku uliofuata, na maonyesho yote mawili yalirekodiwa kwa kamera za filamu ili yaje kuoneshwa katika majumba ya sinema. Wakati ule bendi ilikuwa imeshika nafasi ambayo makundi machache ya roki yamewahi kuifikia. Mwezi Machi mwaka huohuo walikuwa wameujaza uwanja wa Morumbi wa São Paulo kwa siku mbili mfululizo, na wiki ileile waliyokuwa Montreal, wimbo wao waliouimba pamoja na David Bowie, “Under Pressure”, ulikuwa namba moja nchini Uingereza.

Ninaijua filamu hiyo tangu enzi za kaseti za video, nilipoitazama kwa jirani katika televisheni ambayo ilibidi ipigwe kofi ubavuni kila picha ilipoanza kutiririka, na hadi leo sijaona kumbukumbu nyingine inayowaonesha wale wanne vizuri kuliko hiyo. Nasema wanne kwa makusudi. Jukwaani wapo Mercury, Brian May na gitaa alilolitengeneza kwa mikono yake pamoja na baba yake, John Deacon kwenye besi na Roger Taylor kwenye ngoma, wala hakuna mtu wa tano. Ni katika ziara ya mwaka uliofuata ndipo walipoanza kumchukua mpiga kinanda wa kuwasaidia. Kwa hiyo Mercury anapoondoka kwenye piano kwenda kuimba mbele, sauti ya piano huondoka naye, na pengo hilo wenzake watatu hulijaza kwa nguvu zao wenyewe. Anayetaka kuelewa bendi hii ilikuwa inafanya nini hasa asianze na maziko, aanze hapo.

Hata hivyo, mambo hayakuwa shwari. Kwa sababu filamu ingeunganishwa kutoka usiku mbili, mwongozaji, Saul Swimmer, alitaka wanamuziki wavae nguo zilezile siku zote mbili ili mshono usionekane. Wanabendi walikuja kusimulia baadaye kwamba hawakuelewana naye hata kidogo, na Mercury alilijibu sharti hilo kwa kujitokeza kuelekea mwisho wa onyesho akiwa amevaa kaptura fupi nyeupe. Hasira hiyo inasikika. Wanafungua kwa mwendo wa mbio, May anaukwaruza wimbo kama anayedai deni, na Taylor hampi mtu nafasi ya kupumua. Naongeza tahadhari kwa waandishi wetu: kwa kuwa picha za usiku wa 24 na za usiku wa 25 zimechanganywa, asitokee mtu akaonesha kipande chochote cha filamu hiyo na kuapa kwamba ni cha Novemba 24.

Nije kwenye mwaka 1991, ambako ndiko makosa yanakofanyika zaidi. Nimesoma mara nyingi kwamba Mercury alifariki Novemba 23, na mara nyingine kwamba alifariki Novemba 25, na naamini najua tarehe hizo zinatoka wapi. Jumamosi, Novemba 23, ilitolewa taarifa kwa jina lake ikithibitisha kwamba alikuwa na virusi vya Ukimwi na kwamba alikuwa mgonjwa, baada ya miaka ya uvumi ambao yeye na wenzake waliukanusha au kuunyamazia. Jumapili jioni, Novemba 24, alikata roho nyumbani kwake, Garden Lodge, mtaa wa Kensington jijini London, kwa nimonia iliyotokana na Ukimwi, akiwa na umri wa miaka 45. Ilikuwa kabla kidogo ya saa moja usiku kwa saa za London, yaani karibu saa nne za usiku kwa saa zetu, na walio wengi duniani waliipata habari hiyo Jumatatu. Hivyo 23 ni siku ya taarifa, 24 ni siku ya kifo, na 25 ni siku ya habari. (Jumapili hiyohiyo alifariki huko Marekani mpiga ngoma wa bendi ya Kiss, Eric Carr, naye akiwa na miaka 41 tu, na tanzia yake ikafunikwa kabisa na ile ya London.)

Kwa nini nishikilie tofauti ya siku moja? Kwa sababu kati ya taarifa na kifo ulipita muda wa kama siku moja tu, na ufupi huo ndio uliowashtua watu. Wapenzi wa bendi hawakupata nafasi ya kuzoea kwamba mtu wao ni mgonjwa kabla hawajaambiwa kwamba hayupo. Siku saba baadaye ilikuwa Desemba 1, Siku ya Ukimwi Duniani. Mwezi huohuo wa Desemba “Bohemian Rhapsody” ulitolewa upya nchini Uingereza, ukarudi namba moja kama ulivyokuwa mwaka 1975, na mapato yake yakapelekwa kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalowasaidia wenye virusi. Sisi tuliokuwa na ugonjwa huo majumbani mwetu tangu wagonjwa wa kwanza walipotangazwa Kagera mwaka 1983 tungeweza kuisoma habari hiyo kwa macho yetu wenyewe, lakini magazeti yetu yanapoigusa huigusa kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa wenye msiba bila kupiga hodi.

Jambo la tatu liko kwetu. Novemba 24, 2019, Jumapili kama ile ya 1991, lilifunguliwa jumba la makumbusho la Freddie Mercury huko Shangani, Mji Mkongwe, kwa ushirikiano na kampuni inayosimamia kazi za Queen. Nakiri kwamba mwanzoni tarehe hiyo haikunipendeza. Huyu ni Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi wa Kiparsi, aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, kisha akaondoka na familia yake mwaka 1964 akiwa na miaka 17. Nyumba inayosimulia utoto wake, nilidhani, ingefunguliwa siku ya kuzaliwa. Lakini waliochagua walichagua siku ambayo wageni wa mbali tayari wameitia alama katika kalenda zao, na sina ugomvi nao tena.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mtakapoiandika tena tarehe hiyo, anzeni na Montreal, mfike Kensington, mmalizie Shangani, na msiwasahau May na Taylor, ambao wameendelea kupiga kwa jina la Queen hata baada ya Deacon kujiweka kando mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2031 itatimia miaka 50 tangu onyesho lile na 40 tangu kifo, siku moja, kwa hiyo mwandishi atakayepangiwa ukurasa huo hataweza kusema kwamba ameshtukizwa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Unguja