Neno likigoma, usikae chini: barua ya wazi kwa wazee wa ushirika

Wazee wenzangu wa Newala na Tandahimba, pamoja na jirani zetu wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa,

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nimekasirika, na nimeona heri niandike kuliko kupita baraza hadi baraza nikinung'unika.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi ulikuwa na ajenda ya makato. Mzee mmoja, mtu aliyekulia chini ya mikorosho, akanyoosha mkono, akapewa nafasi. Akaanza vizuri: msimu uliopita tulikatwa fedha ya pembejeo, na pembejeo zenyewe zikafika maua yameshaharibika kwa... kwa... Akanyamaza. Vidole vyake vikawa vinasugua unga usioonekana. Huko viti vya nyuma vijana wakafungua mnada wao: "Jua!" "Moto!" "Mapenzi!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akatabasamu, akasema "basi tu", akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali jingine. Halikuwepo. Makato yakapita.

Alikuwa anatafuta ubwiri unga. Hakuna aliyekuwamo ukumbini asiyeujua, maana ndio ugonjwa tunaoupulizia salfa kila mwaka. Na swali lake lilikuwa bora kuliko yote ya siku ile: salfa ikichelewa, mkulima alipe kamili kwa kipi? Halikuulizwa. Wazee wenzangu mliokuwa mstari wa mbele mliinama mkatazama kandambili zenu. Vijana nitawafikia, lakini naanza na nyinyi.

Nimewasikia barazani. "Mimi siku hizi maneno yananikimbia, wacha waseme wenye akili mpya." Mnalisema hilo kwa sauti ya upole ili lionekane unyenyekevu. Unyenyekevu gani huo wa kumwachia shamba lako mtu ambaye hajawahi kubeba bomba la salfa mgongoni? Neno moja likigoma, mtu anakaa chini na hoja nzima. Kesho neno jingine linagoma, anaacha kuhudhuria. Mwishowe anabaki kivulini anabangua korosho, watoto wanasema babu amekuwa kimya siku hizi, na kimya chenyewe kinamzidishia uzito wa ulimi, kwa sababu neno lisilotumika ndilo linalochelewa kuja.

Nilikuwa karani wa mizani. Wakulima niliwajua kwa majina, kwa mashamba yao, hata kwa tabia ya magunia yao. Leo napishana na mtu njia ya sokoni, sauti yake naijua, baba yake namjua, nakumbuka kabisa kwamba korosho zake zilikuwa zinakuja na unyevu na tulikuwa tunamrudisha akaanike tena. Jina haliji. Najua linaanza na M. Limekaa hapa mdomoni, halitoki. Basi tuelewane: mzigo upo ghalani, haujaibiwa, ila stakabadhi ya kuutolea ndiyo imechelewa. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, walichapisha uchunguzi wao juu ya hali hii hii. Walikuta mtu aliyekwama mara nyingi anaijua herufi ya kwanza ya neno analolitafuta, hata idadi ya silabi zake anaweza kuikaribia. Na waliowachunguza hawakuwa vikongwe. Walikuwa wanafunzi wa chuo, vijana wabichi. Kwetu sisi hali hiyo huja mara nyingi zaidi, hasa kwenye majina ya watu, lakini maneno tunayoyafahamu ni mengi kuliko ya hao wanaotucheka.

Majina ya watu yana ubaya wake. Ukisahau kazi ya mtu, utaikumbuka kwa mikono yake yenye grisi au kwa cherehani iliyopo barazani kwake. Jina halina pa kulishikia.

Sasa la kufanya, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Neno likigoma, lizunguke. Usisimame mlangoni ukiligongea. Sema: "ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua." Sema: "lile dude la kupimia unyevu." Sema "nanihii" kama imebidi, kisha endelea na hoja. Hakuna mkulima wa kusini ambaye hatakuelewa, na asiyekuelewa hana sababu ya kuwa kwenye mkutano wa korosho. Na kama neno limekujia kwa Kimakonde, au Kimwera, au Kiyao, litoe hivyo hivyo. Wataalamu wanasema anayebeba lugha mbili hukwama mara nyingi zaidi kuliko mwenye moja, na sisi huku karibu sote tumebeba mbili, wengine tatu. Litoe, jirani yako atalivusha. Tatizo ni kwamba tumefundishwa kuona haya. Tulichapwa shuleni kwa kuongea lugha za nyumbani, sasa tumezeeka bado tunaogopa fimbo ya mwalimu ambaye ameshazikwa.

Usilipiganie neno kwa muda mrefu. Kuna lile neno jingine linalofanana nalo, linakuja linakaa mlangoni, kila ukilifukuza linarudi. Ukilishindania ndiyo kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada walionyesha mwaka 2008 kwamba mtu akiachwa ang'ang'ane na neno, safari nyingine huelekea kukwama palepale. Kwa hiyo mgeukie aliye karibu, muulize waziwazi: "Nikumbushe, inaitwaje?" Akikupa, litamke kwa sauti, kisha litumie tena kabla hamjaachana. Asipokuwepo wa kumuuliza, liache. Litakujia usiku ukitafuta shuka.

Kabla ya mkutano, andika. Kipande cha karatasi, maneno matatu au manne makubwa, mfuko wa shati. Karani hakariri uzito wa gunia, anauandika, na hajawahi kuitwa mjinga kwa hilo. Mwandikie na mwenzako asiyeona vizuri.

Ukikutana na mtu jina limepotea, usijifiche nyuma ya "mwanangu" na "shemeji" mpaka mnaagana. Mwambie: "Mama yako namfahamu, tulilima naye bonde moja, jina lako ndilo limenitoka." Hakuna mtu anayechukia kuambiwa hivyo. Anachochukia ni kuitwa jina la kaka yake aliyefariki.

Nyinyi vijana sasa. Sogeeni mbele, acheni simu.

Mzee akinyamaza katikati ya sentensi, hajawapa ruhusa ya kuimalizia. Anahitaji muda mfupi tu, mfupi kuliko ule mnaoutumia kusubiri picha ifunguke kwenye simu zenu. Subirini. Akiwatazama, akawanyooshea mkono, hapo ndipo mnampa neno, moja, kwa heshima, na mnanyamaza tena. Kupewa neno uliloomba ni msaada. Kunyang'anywa sentensi ni dharau, na mnyang'anywaji hasahau, maana sura ya aliyemcheka haihitaji jina.

Na msituletee ule ushenzi mwingine. Nimesikia bibi wa watu ananong'onwa kijijini kwamba "anaongea na wasioonekana", kisa anasimama jikoni akinong'ona maneno mpaka apate jina la kile anachotaka. Yule mama anatafuta chekecheo! Kutoka mnong'ono kama huo mpaka kumwita mzee mchawi ni hatua ndogo, na wazee wa nchi hii wameuawa kwa hatua hiyo ndogo. Familia ikisikia maneno ya namna hiyo iyakatae hadharani, siku hiyo hiyo.

Wenye ofisi nao wasijifanye hawamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi zimeandika "Dirisha la Wazee" kwa rangi nzuri. Nilisimama kwenye moja ya madirisha hayo nyuma ya mama aliyeulizwa jina, kijiji, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho na anaumwa nini, yote kwa pumzi moja, na kabla hajajibu la kwanza kijana wa ndani akasema, "Huyu amechanganyikiwa, aje na mtu wake." Hakuchanganyikiwa. Alikuwa bado anajibu swali la kitongoji. Dirisha bila subira ni tundu la ukutani.

Mengine nayataja haraka. Pimeni masikio, maana mengi mnayoyaita kusahau hamkuyasikia tangu mwanzo. Pimeni presha na sukari. Damu ikipungua, tezi ikiharibika, au vitamini B12 ikikosekana mwilini, akili huwa nzito, na hayo yana tiba. Dawa za mafua zinazosinzisha na vidonge vya usingizi humzubaisha mzee. Bebeni dawa zenu zote kwenye mfuko mumwonyeshe mganga wa zahanati. Laleni usingizi wa kutosha. Uraka wa msimu, ile pombe ya mabibo, sisemi, ila gongo ya mabibo kila jioni, halafu asubuhi unalalamika majina yamekukimbia? Chezeni bao. Wategeeni wajukuu vitendawili, nao wawategee nyinyi.

Huzuni pia hufunga ulimi. Aliyefiwa na mwenza wake akaanza kupoteza maneno, mkaeni naye kwanza kabla ya kusema ni uzee.

Lipo la kuogopa, na lina alama zake. Kusahau neno "ufunguo" ni kawaida yetu. Kuushika ufunguo usijue unafanya kazi gani ni jambo la daktari. Kupotea kwenye njia ya kwenda shambani kwako mwenyewe, kuuliza swali lile lile mara baada ya kujibiwa, kushindwa kuhesabu fedha ulizokuwa ukizihesabu kila mnada: mpelekeni mtu huyo hospitali, msisubiri korosho ziuzwe.

Na maneno yakipotea ghafla, mtu alikuwa anaongea vizuri mara ulimi ukawa mzito au akaanza kutamka yasiyoeleweka, mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukalegea, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Asipewe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Asilazwe ndani kungojea aamke. Asipelekwe kwa mganga wa kienyeji kwanza. Kodini bodaboda mbili, moja ikaite gari, nyingine itangulie kituoni, na safari iwe hospitali ya Ligula, au Ndanda, au Nyangao, au Sokoine kule Lindi, popote palipo karibu nanyi. Hata kama hali hiyo imepita yenyewe baada ya muda mfupi, nendeni tu. Na aliyekuwepo aangalie saa ilikuwa ngapi yalipoanza, aiandike kwenye kiganja kama hana karatasi, maana hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na daktari.

Wasalaam,
Karani wenu wa zamani,
Newala