YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMPU YA SKIMA ILIYOOSHWA KWA SABUNI, NA DHARAU NILIYOFANYIWA KAUNTANI KWENU

Msasani,
Dar es Salaam.

Meneja Mkuu,
Idara ya Matengenezo na Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini mko salama na kazi zinaendelea. Kwangu haziendelei, ndiyo maana naandika.

Mkataba mnao, na kifungu cha matengenezo mlikiandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Nawakumbusha tu kwamba pampu ya skima, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, ya tangi langu la samaki la maji chumvi hapa mgahawani ilipaswa kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi 3, na kwamba Sh 180,000 zenu za kila mwezi hazijawahi kuchelewa. Siku pampu hiyo ilipofunguliwa, tena na fundi wenu mwenyewe, sumaku ya impela, kile kigurudumu kinachozunguka ndani ya pampu, ilikuwa imevaa ganda jeupe la chokaa mpaka inakwaruza kuta ikizunguka. Tundu la kuvuta hewa lilikuwa limezibwa na chumvi, imebaki nafasi ya kupitisha sindano. Ganda la namna ile halijengeki kwa wiki mbili. Maana yake vijana wenu walikuwa wanakuja, wanafuta kioo cha mbele, wanapiga picha, wanasaini daftari, wanaondoka. Kioo hata mhudumu wangu anafuta, na yeye hanidai laki na themanini.

Taarifa nilitoa mapema. Skima ilianza kukoroma. Ule ukungu mzito wa mapovu madogo ukapotea, yakabaki mapovu makubwa yanayopanda na kupasuka bila kubeba kitu. Kikombe cha povu, ambacho kwa kawaida kinajaa uchafu mweusi unaonuka, kikawa kinakaa wiki nzima kina maji ya rangi ya chai. Nikapiga simu. Nikatuma video yenye sauti. Dada wa huduma kwa wateja, ambaye kwa kweli ana lugha nzuri, akawa ananijibu "tumepokea, mafundi wako saiti," na saiti hiyo haikuisha. Ilikuwa kaskazi, joto lake mnalijua. Maji yakipata moto yanashika hewa kidogo, na skima ndiyo inayoyaongezea hewa na kuondoa protini kabla hazijaoza zikawa amonia. Hayo mmeyaandika wenyewe kwenye kipeperushi chenu.

Hatimaye akaja fundi. Hakuchomoa waya ukutani. Alizamisha mkono kwenye tangi la chini, akaing'oa pampu huku inazunguka, akaenda nayo kwenye sinki la jikoni kwangu. Nilidhani ataomba siki. Jikoni kwangu siki haikosekani, na nilikuwa nimeshaweka ndoo pembeni. Yeye akachukua sabuni ya maji ya vyombo na ule waya wa kusugulia masufuria. Mpishi wangu akamuuliza, "Kaka, hiyo si inarudi kwa samaki?" Akajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, nitaisuuza." Akasugua sumaku, akasugua impela mpaka pini zake nyingine zikakatika, zile pini zinazoipasua hewa iwe mapovu madogo. Kisha akaubana kwa koleo mhimili wa kauri, ambao ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, ukavunjika vipande viwili. Akatoa supaglu mfukoni. Akaunganisha, akapuliza, akaniinulia nione: "Mama, imepona."

Kilichotokea usiku wake nitakieleza. Lakini la kaunta limenikaa kooni, naona halingoji zamu yake.

Nilikuja dukani kwenu mwenyewe na pampu yangu kwenye bakuli la plastiki, bado inachuruzika. Yule bwana mnayemwita msimamizi hata karibu hakunikaribisha. Nikamweleza kwamba pampu imekufa na samaki wanakufa. Akanijibu mbele ya watu, akinielekeza soko la samaki: "Bi mkubwa, samaki ni kitoweo. Nenda Feri, wapo kibao." Watu wakacheka. Kisha akaniambia nifute maji yaliyomwagika kwenye kaunta yake.

Sasa usiku ule. Mnajua sabuni inavyofanya kwenye skima, hata tone tu lililobaki. Povu lilipanda bila kukoma, likajaza kikombe, likamwagika kwenye kabati, likafika sakafuni. Mlinzi wangu aliona maji yanapita chini ya mlango akadhani bomba limepasuka. Na yale hayakuwa maji tu, ni maji chumvi yaliyokuwa yanatoka tangini. Kile kifaa chenu cha kujazia maji yanayopungua, mlichoniuzia na kukifunga wenyewe, kiliona kina kinashuka, kikawa kinajaza maji baridi, yasiyo na chumvi. Maji chumvi yanatoka, maji baridi yanaingia, mpaka alfajiri. Nilipopima, kipimo cha chumvi kilikuwa 1.017. Jioni yake kilikuwa 1.025, na fundi wenu alikiandika kwenye daftari kwa mkono wake.

Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, hahimili chumvi kushuka namna hiyo. Alianza kulegea, kisha mikono ikawa inaoza mmoja mmoja. Kamba wasafishaji niliwakuta wamelala chini wote wawili. Matumbawe laini yalijikunja na hayajafunguka mpaka leo. Wakati huohuo gundi ikaachia, impela ikakwama, skima ikazima kabisa, wakati maji yalikuwa na mizoga na yaliihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Amonia ikapanda. Kangaja, yule samaki mkubwa wa buluu ambaye watoto wa wateja wangu walikuwa wanamgongea kioo na kumpa majina, alikaa juu ya maji anahema, nasi tunabadilisha maji ndoo kwa ndoo. Akafa. Wamebaki wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, sijui kwa bahati gani.

Ndiyo maana nilikuja dukani kwenu. Sikuja kugombana. Nilitaka mnipe impela na mhimili wake niwashe skima usiku huohuo. Na hapo, baada ya maneno yale ya Feri, nilitozwa Sh 240,000 kwa impela ambayo chini ya mkataba ilikuwa juu yenu. Nililipa kwa sababu tangini kulikuwa bado na roho zinahangaika. Nimefika nyumbani, nimevaa miwani, nasoma kwenye plastiki: 60 Hz. Ndugu Meneja, umeme wa Tanzania ni 50 Hz. Pampu za namna hii zinazunguka kwa kufuata mapigo ya umeme, ndiyo maana watengenezaji wengi wanatoa impela ya 50 na ya 60 mbalimbali. Hii ya kwenu inazunguka, inapiga kelele kidogo, na hewa inayovuta haitoshi. Mmeniuzia kifaa cha nchi nyingine kwa bei ya kifaa changu.

Risiti niliyopewa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu. Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mashine ina hitilafu. Nimeitunza karatasi hiyo.

Kazi yenyewe mpishi wangu sasa anaiweza, na yeye kazi yake ni kukaanga changu. Anachomoa waya kwanza. Anaitoa pampu, anafungua kifuniko, anavuta impela taratibu na mhimili wake, anaangalia vile vipira vya pande zote mbili visidondoke kwenye sinki. Anachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, anaviloweka mpaka chokaa iache kutoa mapovu, anapitisha mswaki laini kwenye sumaku na ndani ya nyumba yake, anazibua tundu la hewa kwa brashi ndogo, anasuuza kwa maji safi mengi. Shingo ya skima anaifuta kwa kitambaa kisicho na sabuni, maana utando wa mafuta pale unaliangusha povu. Na kila wiki anavutisha maji ya uvuguvugu kwenye mpira wa hewa ili chumvi isigande. Hakuna koleo wala waya wa masufuria. Kama kijana aliyesomea mapishi ya pwani anaifanya kazi hii bila kuvunja kitu, mimi laki na themanini nilikuwa nailipia nini?

Basi ninachodai ni hiki. Nirudishiwe Sh 240,000 za impela. Niletewe pampu mpya kamili ya 50 Hz, kwani nyumba ya ile ya zamani imekwaruzwa ndani kwa waya na sitakubali kiraka juu ya kiraka. Nilipwe kangaja, kamba na kiti cha pweza kwa bei mliyoniuzia ninyi wenyewe, ankara zake ninazo. Na yule msimamizi aniombe radhi kwa maandishi.

Nimesoma tena aya hiyo nikaona nimewaonea huruma. Ada za miezi ambayo pampu haikuguswa nazo zirudi. Daftari la saini ninalo mimi, na hakuna ukurasa hata mmoja, kabla ya siku ile ya sabuni, ulioandikwa "pampu imefunguliwa." Kama mnao wenu unaosema vinginevyo, uleteni.

Na kuhusu huyo msimamizi, narudia, kwa sababu naogopa mtasoma haraka mkasema ni utani wa vijana. Nilisimama pale kaunta na bakuli mikononi. Juu ya kichwa chake kuna bango lenu, "Mteja ni Mfalme," herufi za dhahabu. Yeye alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, macho kwenye simu. Shikamoo sikuitegemea, ingawa nina umri wa kumzaa, ningetosheka na "karibu." Nilipomaliza kueleza, alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa kaunta, maji yakamwagika. Hakunitazama. Akasema, "Bi mkubwa, samaki ni kitoweo. Nenda Feri, wapo kibao." Wale vijana wawili wa stoo wakacheka kwa sauti. Baba mmoja mtu mzima aliyekuwa analipia chakula cha samaki akainamisha kichwa, nadhani kwa aibu ya kunionea mimi. Nikasema, "Mwanangu, hawa nimewanunua kwenu." Akajibu, "Kwani ukiwakaanga hawaliki?" Ndipo akakata kipande cha tishu, akakitupa mbele yangu: "Futa maji yako hapo." Maji ambayo aliyamwaga yeye. Nikafuta, kwa sababu nilikuwa nataka ile impela. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilifuta.

Kwa hiyo barua ya radhi haitoshi tena. Aje mwenyewe hapa mgahawani, mchana, wateja wakiwepo, aseme mbele ya wafanyakazi wangu kile anachopaswa kusema. Alinidhalilisha mbele ya watu, radhi nayo iwe mbele ya watu. Na ninataka kuona kwa maandishi ni hatua gani mmemchukulia. Msiniambie "tumeongea naye." Mimi nina waajiriwa pia, najua "tumeongea naye" maana yake nini.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Leo asubuhi, wakati naandika, fundi wenu amepiga simu kukumbushia ada ya mwezi huu. Ada! Basi ni siku 7 tangu mtakapopokea barua hii, na nakala mtaigongea muhuri mbele ya mtu nitakayemtuma. Zikipita kimya, karatasi yenu ya daftari itakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, wajionee mashine yenu yenye hitilafu, na mkataba, picha, video na impela yenye maandishi ya 60 Hz vitakwenda Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na inajua la kufanya na muuzaji anayempa mteja kifaa kisicho chake. Mahakamani sipendi kwenda, muda wangu ni wa mgahawa, ila msije mkadhani sijui njia. Wenzangu wa hoteli za Masaki na Mbezi Beach wenye matangi yenu nao wataipata barua hii. Wameshaniuliza mbona tangi liko tupu.

Jina langu na namba yangu ya simu mnavyo kwenye mkataba. Mkija na pampu, mje kabla ya saa tano asubuhi, wateja wa mchana hawajaanza kuingia, na mumtume fundi anayejua kuchomoa waya. Yule wa sabuni asivuke geti. Mlinzi nimeshamwonyesha picha yake.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Mteja wenu,
Mmiliki wa mgahawa, Msasani.

Viambatanisho: nakala ya daftari la saini, picha ya impela, picha ya sakafu, karatasi mliyoiita risiti.