Harambee ya milango na madirisha ya nyumba ya bibi yetu: bado madirisha matano na mlango mmoja

Ndugu zangu wapendwa, kwanza poleni na majukumu. Naandika nikiwa na aibu kidogo kwa sababu juzijuzi tu tulitoka kuwaomba hela ya paa la nyumba ya bibi yetu na mlitoa, tena mlitoa kwa moyo, mpaka bati la mwisho likapigwa na misumari ikabaki. Sasa tunarudi kwa nyumba ileile. Kuna watu wameshaniuliza kwa sauti ya chini, hivi ile nyumba si tuliimaliza? Hatukuimaliza jamani. Tuliifunika juu tu.

Usiku ule wa mvua na upepo maji hayakupita kwenye paa, paa lenu liko imara, yalipita madirishani. Nilifika asubuhi mapema nikamkuta bibi keshasokota nguo kuukuu kama kamba na kuzishindilia kwenye kila ufa wa dirisha la sebuleni kwa mpini wa kijiko, na bado maji yalikuwa yameshuka ukutani hadi kwenye mikoba ya wajukuu. Daftari la hesabu la yule mdogo lilikuwa limeanikwa kwenye kamba kwa vibanio, kurasa zimegandana, wino umetawanyika hata jibu moja halisomeki. Nikabonyeza fremu ya dirisha kwa kidole gumba na kidole kikaingia ndani. Mchwa wameshamaliza mbao, kilichobaki kimesimama ni rangi.

Mlango wa mbele ndio unaniumiza zaidi. Kitasa kilitoka zamani, anafunga kwa kamba na msumari, na usiku anausukumia kabati kwa nyuma halafu asubuhi analirudisha mahali pake. Kila usiku, kila asubuhi, mama wa umri ule. Miguu ya kabati imeshachimba sakafu mistari miwili, ukiingia utaiona inaanzia ukutani inaishia mlangoni. Huyu ndiye aliyetulea wengi wetu tunaosoma hapa, wengine tulishinda kwake wazazi wetu wakiwa kazini na hakuwahi kudai alipwe. Sisemi zaidi.

Kabla sijaomba naomba niseme la mlango wa nyuma, maana kuna waliochangia ule mlango na wana haki ya kujua umeishia wapi. Tuliutengenezesha kwa fundi aliyetupa bei ya chini kuliko wote, sisi kamati tukafurahi tumeokoa hela. Mbao zilikuwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na haisinyai sawasawa, kwa hiyo mlango ukajipinda, kwanza ukaanza kuona mwanga pembeni, halafu mvua zilipokuja ukavimba ukakwama, watoto wakawa wanaupiga teke ndio ufunguke mpaka bawaba ya juu ikang'oka na kipande cha mwimo. Kwa hiyo ule mlango tunaulipia mara ya pili, kuununua tena na kuziba ukuta ulioharibika. Lile lilikuwa kosa letu kamati na tunawaomba radhi, na ndilo lililotufanya safari hii tukae wiki tatu nzima tunalinganisha gharama kabla ya kumfuata mtu yeyote.

Nyumba ina madirisha 9. Mawili fremu zake bado nzima, hayo hatubadilishi, tunaweka vioo vipya, bawaba na silikoni mpya basi, maana kuna aliyesema tung'oe yote yafanane na sisi tukaona kufanana hakumkingi mtu na mvua. Yanayobaki ni 7, manne ya mita 1.5 kwa 1.2, mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 na kale kadogo ka bafuni ka sentimita 60 kwa 60. Ukijumlisha ni mita za mraba 10.44. Milango ni 3, wa mbele, wa nyuma na wa bafuni.

Tulichukua makadirio kwa mafundi watatu na hapo ndipo tulipopata shule. Ya kwanza ilikuwa chini sana, kila mtu kwenye kikao akasema twende na huyu, mpaka dada mmoja wa kamati akaanza kuuliza mstari kwa mstari. Usafiri haumo. Kung'oa fremu za zamani haimo. Plasta ya kuzunguka dirisha baada ya kung'oa haimo, na hiyo huwezi kuikwepa, ukishang'oa fremu iliyojengewa ukutani kingo zinabomoka. Vitasa havimo. Nyavu za mbu hazimo. Kioo kimeandikwa "kioo" tu bila unene, kumbe alipigia cha milimita 3 wakati wenzake walipigia milimita 5. Tulipojaza yote aliyoyaacha, yule wa bei ya chini akapanda juu ya wa pili. Ndio maana tukaandika karatasi moja yenye vipimo vilevile, unene uleule wa kioo, na kazi yote mpaka kufagia, tukawapelekea watatu wote wapige upya. Bei mbili za vitu viwili tofauti huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja.

Halafu vipimo. Fundi mmoja alipima upana katikati ya dirisha mara moja akaandika akaondoka. Mwingine alipima sehemu tatu, juu, katikati na chini, na urefu vilevile, kisha akavuta futi kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Ukuta ukiwa mraba kona kwa kona zinalingana, zisipolingana dirisha limekaa upande. La sebuleni upana wa juu ulikuwa pungufu ya wa chini kwa sentimita 2 na nusu! Kipimo kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote, na bado unaacha nafasi ya milimita chache kuzunguka ya kusawazishia na kuziba. Dirisha likishakatwa kwa kipimo chako dukani halirudi, ukikosea umelinunua.

Kuhusu materiali tulibishana sana. Mbao ngumu iliyokauka vizuri ni nzuri na inatengenezeka, lakini pale mchwa wapo, na inataka rangi au vanishi kila baada ya muda, gharama ambayo bibi hawezi kuibeba peke yake. Chuma ni imara na kwa dirisha kilitoka bei nafuu, ila kutu, hasa kona za chini maji yanapotuama. PVC, yaani plastiki ngumu, haiozi wala hailiwi na mchwa ila ikiwa fremu ni kubwa lazima iwe na chuma ndani cha kuishikilia, wengine wanaruka hicho chuma ndio maana bei yao inakuwa tamu. Aluminiamu ilikuwa juu kidogo, lakini haiozi, mchwa hawaigusi na haitaki rangi. Tukaamua madirisha yawe ya aluminiamu, milango miwili ya nje iwe ya chuma iliyopigwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na wa bafuni uwe PVC kwa sababu ya maji.

Na tumeomba ya kufunguka kwa bawaba, sio ya kuslaidi, ingawa ya kuslaidi yalikuwa rahisi. Dirisha la kuslaidi hata ulifungue lote ni nusu tu inayopitisha hewa, nusu nyingine kioo kimesimama. Halafu lile reli la chini lina vitundu vya kutolea maji, vikiziba na vumbi maji yanajaa yanaingia ndani, na nani atamwinamia bibi kuvizibua. La bawaba ukilifunga raba inabanwa kuzunguka pande zote, upepo wenye mvua unakuta pameshikana. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo zile bawaba nyepesi tumezikataa. Dirisha moja tu, lile la sebuleni lililo chini ambapo watoto wanacheza, tutaweka kioo kilichokazwa kwa moto, kile kikivunjika kinakuwa punje ndogo badala ya mapande yenye makali. Kioo kile hakikatwi tena kikishakazwa, ndio sababu nyingine ya kupima mara tatu.

Kuna waliopendekeza tuweke dirisha mojamoja kadri hela inavyoingia. Nawaelewa. Lakini fundi akija mara saba ni usafiri mara saba na plasta mara saba, na mafundi wote watatu walitushushia bei kwa kazi ya pamoja. Pia bibi atakaa na vumbi mara moja tu yakaisha.

Sasa mpaka leo tumefika wapi. Mlango wa mbele umebebwa mzima na kinamama, pamoja na kitasa chake, Mungu awazidishie. Mlango wa nyuma wameuchukua vijana wa kwaya. Familia mbili zimechukua madirisha mawili na zimeomba zisitajwe. Waliobaki, na tuko wengi, kuna ahadi zilizotolewa mbele za watu siku ile ya kikao na bado hazijafika kwa mhazini, sitaji mtu, kila mmoja anaijua ya kwake na Mungu anaijua. Kama hali imebadilika mwambie tu mhazini, hakuna atakayekulaumu, tunachoomba tusipange hela ambayo haipo.

Huwezi dirisha zima, chukua nusu na rafiki yako. Huwezi nusu, chukua bawaba, chukua wavu wa mbu, chukua siku moja ya kuchanganya plasta, vijana wenye mikono tunawahitaji siku ya kung'oa fremu maana tukibeba vifusi wenyewe fundi ameshakubali kuitoa hiyo kazi kwenye bei.

Hela zote zinapitia kwa mhazini na hazitoki bila saini mbili. Makadirio yote matatu yapo, anayetaka kuyaona aombe. Fundi atalipwa kwa awamu na ya mwisho ataipata tukishamwagia madirisha maji kwa mpira na kuona ndani pamekauka. Risiti zitasomwa kikaoni, salio likiwepo linaenda kwenye rangi.

Jumamosi asubuhi fundi anarudi kupima kwa mara ya mwisho kabla hatujatoa oda, na oda haitoki kama madirisha yote hayajapata watu. Bado matano na mlango wa bafuni. La chumba cha wajukuu, linaloangalia upande mvua inakotokea, ndilo ambalo hakuna hata mmoja ameligusa, na lile daftari wamelirudisha kwenye mkoba uleule chini yake.