Ufafanuzi wa data uandikwe mara moja

Mhariri,

Vijana wengi wanaojifunza kuunda programu hapa Malindi huanza na JavaScript, kisha huhamia TypeScript, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, ambayo hukagua aina za data (kwa mfano, maandishi au namba) kabla programu haijaanza kazi. Hilo ni jema. Lisilopendeza ni kuona ufafanuzi uleule ukinakiliwa faili baada ya faili, hata mgeni wa hoteli akafafanuliwa kwenye seva, akafafanuliwa tena kwenye tovuti, na mara ya tatu kwenye fomu ya kumsajili.

Kompaila, yaani programu inayokagua msimbo na kuugeuza, haiwezi kujua kwamba nakala hizo zilikusudiwa kuwa kitu kimoja. Nambari ya simu ikifafanuliwa kuwa maandishi kwenye seva na kuwa namba ya kuhesabia kwenye fomu, kila upande utapita ukaguzi wake, ilhali 0722 imekwisha kupoteza sifuri yake ya mbele. Wala kosa hilo halitanaswa baadaye, kwa sababu aina za TypeScript hufutwa zote msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript. Ndiyo maana napendelea maktaba za msimbo kama Zod, ambamo kanuni za kukagua data inayoingia huandikwa mara moja, na aina yenyewe ikatolewa humohumo.

Palipo na ufafanuzi mmoja, aina nyingine na zitokane nao. Toleo la 2.1 la TypeScript, la mwaka 2016, lilileta Pick, inayochagua sehemu za ufafanuzi zinazotakiwa. Omit, inayoacha zisizotakiwa, ilikuja na toleo la 3.5 mwaka 2019. Kwa data inayoonyeshwa umma, wakufunzi wasisitize Pick, maana nambari ya pasipoti ikiongezwa kesho kwenye ufafanuzi wa msingi, Omit itairuhusu kimyakimya, na Pick haitaitambua.

Hata hivyo, kufanana si lazima kuwe kurudia. Mgeni na mfanyakazi wote wana jina na simu, lakini wakitiwa katika ufafanuzi mmoja, siku mfanyakazi atakapowekewa sehemu ya mshahara, mgeni naye atakuwa nayo, na sijaona bado hoteli inayowalipa wageni wake.

Nawaomba wanaotayarisha mafunzo haya walitangulize somo hili, kabla vijana hawajazoea kunakili.

Mwalimu wa kompyuta,
Malindi