Mafunzo ya simu sawa, lakini mtungi wa kuzimia moto tuushike kwa mkono

Mhariri, salaam aleikum.

Mie ni supavaiza wa stoo huku Shimanzi, mwaka wa kumi na moja huu, na nataka kusema kuhusu haya mafunzo ya kazini ya kwenye simu. Tangu ile korona ya 2020 semina za ukumbini, zile za projekta na soda, kwetu zimepotea kabisa, siku hizi mfanyakazi anatumiwa linki kwa WhatsApp, anatazama video za dakika tatu tatu, anajibu maswali ya kuchagua, simu inamwambia hongera na cheti hicho hapo.

Video zenyewe sizipingi. Kuna kijana wangu wa foklifti, kwenye semina alikuwa hashiki kitu, lakini ile video ya kukagua mashine kabla ya kuwasha aliirudia mara nne usiku mmoja na sasa hata mie ananikosoa, na mwalimu wa ukumbini nani angemwambia arudie mara nne mbele ya watu?

Lakini mwezi uliopita maboksi yalishika moto nyuma ya stoo, moto mdogo tu. Aliyekuwa karibu alikuwa amepata asilimia 100 kwenye somo la moto wiki mbili tu nyuma. Akachukua mtungi, akavuta pini, haitoki, anavuta mpaka vidole vinauma, kumbe kwa ile hofu mkono wa pili umekibana kishikio, na ukikibana pini inakwama pale pale. Mlinzi wetu mzee, ambaye hiyo app hata hajaiona, ndiye aliyemwambia legeza mkono mwanangu, na pini ikatoka. Kwenye video pini inachomoka kama njiti ya kiberiti.

La pili linaniuma zaidi. Vijana wanasomea kwenye foleni ya feri Likoni saa moja usiku wamechoka, bando ni lao, chaji ni yao, masomo mengi ni ya Kiingereza, na meseji inawafuata kwamba usipomaliza kufikia Ijumaa jina lako linaenda hedi ofisi. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 imempa mwajiri jukumu la kufundisha. Na mwajiri tayari analipa ile levi (tozo) ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mafunzo yakiwa yameidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama, sasa bando la kijana linatoka mfukoni mwake kwa nini?

Wasome ndani ya saa za kazi, kwa waifai ya kampuni, kwa Kiswahili, na wiki hiyo hiyo wakishike kile walichokitazama. Mitungi yetu inaenda kujazwa upya mwezi ujao na bado imejaa. Nimeshaandika kuomba vijana wote kumi na wanne waipulize uani kwanza, mmoja mmoja, kabla haijapakiwa garini, na jibu mpaka leo sijapata.

Supavaiza wa stoo,
Shimanzi, Mombasa