Shoga, barua zako bado ninazo

Shoga yangu,

Umenibloku kote, simu huishiki, mdogo wako nikimuuliza anacheka tu, basi nakuandikia hapahapa mbele za watu, utanisamehe. Wenzetu wanadhani tumegombania mwanaume au hela ya kikoba. Kumbe ni voisi ya dakika saba niliyokutumia usiku kuhusu mswada wako, nikasema mhusika wako mkuu unamlea sana, halafu wewe ukajibu maneno mengi ya moto na kabla sijamaliza kusoma yote ukayafuta. Nikabaki naangalia tu "ujumbe huu umefutwa", mara kumi na moja, nilizihesabu.

Sasa nilichokuwa nasoma wiki hizi ni barua za Bessie Head. Yule mwandishi, mama wa Serowe, Botswana, ambaye chuo tulimsoma haraka haraka kwa ajili ya mtihani tukamwacha hapo. Riwaya zake tulizijua, barua hatukuambiwa. Na mimi naona kwenye barua ndo yupo mwenyewe kabisa, anakopa, anachamba watu, anashangilia miche imeshika, yote kwenye ukurasa mmoja.

Unakumbuka alitoka Afrika Kusini mwaka 1964 na mtoto wake mdogo Howard, kwa kile kibali cha kutoka ambacho ukishakichukua hurudi tena. Pasipoti walimnyima. Akafika Serowe kufundisha shule ya msingi, kazi ikavunjika, akawa mkimbizi wa kuripoti polisi, na uraia wa Botswana aliusubiri mpaka 1979. Miaka 15, shoga! Ndani ya hiyo miaka mtu hana ndugu hapo, mama yake mzazi hakumjua, mume wameachana, hao wa kuzungumza naye mambo ya vitabu wako mbali, basi posta ndo ikawa baraza lake. Alikuwa na Randolph Vigne, aliyekuwa mhariri wa jarida la The New African, naye kakimbilia London baada ya serikali ya makaburu kumpiga marufuku ya kisiasa. Alikuwa na Patrick Cullinan, mshairi, na mkewe Wendy, waliobaki kulekule Afrika Kusini. Baadaye Naomi Mitchison, bibi wa Scotland ambaye watu wa Mochudi, hukohuko Botswana, walimfanya mama yao, na Alice Walker huko Marekani. Ukisoma orodha hiyo unasema huyu mama alikuwa na watu. Halafu unakumbuka wote ni wa kwenye bahasha.

Na bahasha ililisha watu, usicheke. Mwaka 1966 gazeti moja la London lilichapa makala yake, mhariri wa New York, Jean Highland, akaiona, akamwandikia kumwomba riwaya. Bessie akajibu kwamba hata karatasi za kutaipu hana. Yule mama akamtumia dola 80 za kununua karatasi, na ndo ikatoka When Rain Clouds Gather, 1968. Hela ya kitabu akajengea nyumba Serowe, akaiita Rain Clouds. Mimi na wewe tuna bando la mwezi na tunalia hatuna mazingira ya kuandika.

Lakini hilo silo lililonifanya nikukumbuke. Ni ugomvi. Bessie alikuwa mgonjwa, alilazwa hospitali ya akili Lobatse mwaka 1971, na hata akiwa mzima ulimi wake ulikuwa pilipili, marafiki waliomsaidia kwa pesa na kwa kumtafutia wachapaji akawageukia, akawashuku, akawaandikia barua ambazo mimi ningezisoma nimesimama mlangoni, nisingekaa hata chini. Yeye na akina Cullinan mwisho walinyamaziana kabisa. Ila angalia walichofanya hao waliotukanwa: waliweka. Vigne aliziweka, akazitoa kitabu 1991, miaka mitano baada ya Bessie kufariki. Cullinan naye akatoa za kwake 2005, na humo amechanganya na majibu yao, kwa hiyo unawaona pande zote mbili, mpaka pale unapojisemea hapa na nyie mlikosea. Kile cha Vigne ni barua za Bessie peke yake, ni kama umekaa daladala mtu anaongea na simu pembeni yako, unasikia upande mmoja na unajazia mwenyewe.

Bessie mwenyewe naye alikuwa akiweka, anataipu na karatasi ya kaboni, nakala inabaki. Leo makaratasi yake yako makumbusho ya Khama III hapohapo Serowe. Fikiria, mtu unamtukana mwenzio na nakala unaihifadhi kwenye faili!

Aa, na bustani. Nilisahau. Kuna bustani ya ushirika, Boiteko, alikuwa akilima na wanawake wa kijiji, kuna vile vitunda vya njano vinavyokaa ndani ya ganda kama karatasi, wanavipika jemu. Maelezo ya jemu kwake yana furaha kuliko sura nzima za ile riwaya yake ya kuumwa, A Question of Power, na najua hapo utabisha.

Basi bisha. Kwenye kopo langu la biskuti, lile jekundu, bado nina barua zako za bwenini, karatasi za daftari zimechanika pembeni, ile ya kidato cha tatu uliyoniita mnafiki kwa sababu nilimsifia Mwanaidi insha yake nimeiweka juu kabisa. Mswada wako nimeusoma tena, nimeandika pembeni kwa penseli, kurasa 41 mpaka 60 nimekosea mimi na nimefuta. Siutumi kwa simu. Niambie bado unapokea kwa SLP ya mama au umehama.